Instax Wide 300 kwa picha za wanaohama: mlangoni inang'ara, chumbani inakwama

Wapiga picha wengi wa watu wanaohama, wanaorudi kwao au wanaoanza upya ugenini huondoka na sura za watu, na wenye sura hubaki mikono mitupu. Fujifilm Instax Wide 300, kamera inayotoa picha papo hapo iliyotoka 2014, inamaliza jambo hilo palepale: karatasi inatoka, mwenyewe anaishika. Eneo la picha ni milimita 99 kwa 62, zaidi ya mara mbili ya Instax Mini, aina yenye picha ndogo, na kwa kazi hii upana huo ndio sababu ya kuinunua. Mtu anaingia pamoja na mlango wake, mti wake na mizigo yake. Kwenye Mini utabaki na uso tu.

Udhaifu wake mkubwa uko ndani ya nyumba. Lenzi ni f/14, yaani tundu lake la mwanga ni dogo, filamu ni ISO 800 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), na shata, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, haiendi polepole zaidi ya 1/64 ya sekunde. Mwanga wa chumbani hautoshi, basi flashi inawaka yenyewe, wala hakuna kitufe cha kuizima. Nguvu yake huisha kwenye mita 3 hivi. Uso unatoka mweupe na nyuma yake giza tupu, kumbe chumba kile anachokihama ndicho ulichokifuata! Msogeze mtu hadi karibu kabisa na ukuta, nawe simama mita 2, ili ukuta na vilivyotundikwa vipate flashi ileile. Uso ukiungua, weka mwangaza kwenye D, yaani giza zaidi. Bora zaidi, mtoe kizingitini mchana, kwenye kivuli chenye mwanga.

Fokasi ina hatua mbili tu: mita 0.9 hadi 3, na mita 3 kwenda mbele. Ukiizima kamera na kuiwasha tena, fokasi inarudi kwenye ile ya karibu, hivyo picha ya nyumba iliyo mbali hutoka na ukungu usipozungusha pete upya. Tundu la kutazamia nalo liko pembeni mwa lenzi, hivyo halioni sawasawa na lenzi. Ukiwa karibu, acha nafasi kandokando ya kichwa.

Pakiti ina picha 10, na negativu hakuna. Piga mbili, moja yake na moja yako. Usiitikise, ilaze kivulini rangi zikomae. Kwenye baridi chini ya nyuzi 10 rangi hufifia na kuelekea buluu, kwa hiyo iweke mfuko wa ndani wa koti mara inapotoka. Uwanja wa ndege omba filamu ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za CT za kukagulia mizigo huitia ukungu. Betri 4 za AA hutosha pakiti 10 hivi.

Jina, mahali na tarehe andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ukingo mpana wa chini. Peni ngumu ikikandamizwa mgongoni huacha alama upande wa picha.