Mashine ya kutotolesha ya mayai 56: inageuza vizuri, ila kipimajoto chake usikiamini

Ni ile ya plastiki yenye mfuniko unaoonyesha ndani, trei inayojigeuza, feni moja juu na mifereji ya maji chini. Majina ya kwenye boksi hutofautiana, umbo ni lile lile. Inamfaa mfugaji mwenye matetea 15 hadi 20 wanaotaga na majogoo wawili, kwa kuwa anaweza kuijaza kwa mayai ya wiki moja. Yai likizidi siku 7 uwezo wake wa kutotoa huanza kushuka, kwa hiyo mashine kubwa kuliko kuku ulionao ni hasara.

Kazi ya kugeuza inaifanya vizuri kabisa. Trei inalala upande huu na upande ule kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi. Yai lisipogeuzwa, kijusi hugandamana na utando na kufa mapema. Upungufu ni kwamba vyumba vya trei vimepimwa kwa mayai ya kuku wa kisasa. Mayai ya kienyeji hucheza ndani yake na kulala vibaya. Weka vipande vya kadibodi kuyabana, ncha iliyochongoka iangalie chini.

Tatizo kubwa ni joto linaloonyeshwa kwenye kioo. Mashine yenye feni inatakiwa ikae nyuzi 37.5 hadi 37.8, na kipimajoto cha kiwandani kinaweza kukosea nyuzi nzima. Iwashe tupu saa 24, kisha laza usawa wa mayai kipimajoto cha homa cha kioo, ukisome baada ya nusu saa. Hicho hubaki kwenye joto la juu kilichofikia, hivyo utaona kilele halisi. Kikipishana na kioo cha mashine, nyingi hurekebishwa kwa kushikilia kitufe cha SET sekunde 3, kisha kwenda hadi herufi CA, ndipo pa kusahihisha kipimo cha joto. Ukiruka hatua hii vifaranga watakuambia wenyewe: joto likizidi, wanatoka siku ya 19 au 20 badala ya 21, wakiwa na vitovu visivyofunga, likipungua, wanachelewa hadi siku ya 22 au 23, wazito na wenye matumbo makubwa.

Kijitabu kinasema jaza maji tangu siku ya kwanza. Ushauri huo haulingani na hali ya hewa ya kila mahali. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa yenyewe ina unyevu mwingi. Ukijaza mifereji yote, yai halipotezi maji ya kutosha, chumba cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga anazama ndani ya ganda akiwa amekamilika. Dodoma wakati wa kiangazi ni kinyume chake: utando unakauka kama ngozi na kifaranga anakwama baada ya kutoboa. Nunua kipima unyevu cha pembeni. Lenga asilimia 45 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu 65 hadi 70 mpaka mwisho. Siku hiyo ya 18 toa trei ya kugeuza, laza mayai juu ya wavu, na usifungue tena. Wengi huharibu hapa kwa kufungua ili kumsaidia aliyetoboa. Unyevu unatoka na wenzake wanakaukiwa.

Mulika mayai kwa tochi siku ya 7 na ya 14. Yenye mishipa yanabaki. Yaliyo meupe hayana mbegu, na yenye duara la damu yamekufa. Yaondoe, maana yai viza likipasuka humo ndani linachafua mengine yote.

Lebo kwa kawaida husoma wati 80, na joto likishatulia inatumia pungufu, kwa kuwa hita huwaka na kuzima. Chagua yenye waya wa volti 12: betri ya Ah 50, ikitumika nusu tu, inaibeba takribani saa 7 umeme ukikatika. Isiyo na waya huo ifunike blanketi, uache matundu ya hewa wazi, na usifungue mfuniko.

Mayai ya bata yanakaa siku 28 na ya kanga 26 hadi 28, kwa hiyo usiyachanganye na ya kuku kwenye mzunguko mmoja.

Baada ya kila kutotoa, manyoya hujaa kwenye feni. Yafute kwa brashi kavu, osha plastiki kwa maji yenye klorini, kausha juani. Dukani mwambie muuzaji aiwashe: sikiliza feni kama inakwaruza, kisha uliza kama anauza feni na mota ya kugeuza peke yake. Asiyeuza vipuri hivyo viwili, nenda duka jingine.