GNU Make na bmake katika Kutafuta Faili za Pamoja

Anayejenga programu kadhaa kwa Makefile, yaani faili ya maagizo ya ujenzi inayosomwa na chombo cha make, hatimaye huchoka kunakili kanuni zilezile kila mahali, akaamua kuziweka katika faili moja ya pamoja. GNU Make, aina ya make inayotumika sana kwenye Linux, inaruhusu hilo kwa amri ya include, na katika mengine mengi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mahali inapoitafuta faili hiyo. Huanzia kwenye folda inamoendeshwa, ikafuata zile ulizozitaja kwa chaguo la -I, kisha ikaenda kwenye folda za mfumo kama /usr/local/include na /usr/include. Ukiweka $(info $(.INCLUDE_DIRS)) ndani ya Makefile, itakuonyesha orodha yenyewe.

Sasa, /usr/include ni makao ya faili za vichwa za lugha ya C, na kanuni za ujenzi hazina udugu nazo. Mahali pa kanuni hizo ni chini ya /usr/share, panapowekwa data isiyotegemea aina ya prosesa. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, wamefanya hivyo: faili yao ya default.mk iko /usr/share/dpkg. Lakini kwa kuwa GNU Make haitazami huko, kila debian/rules (Makefile ya kujengea kifurushi cha Debian) inayoihitaji huandika njia nzima, include /usr/share/dpkg/default.mk. Watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL nao wamezunguka kwa namna yao, kwani Makefile ya kiendelezi (programu ya kuiongezea uwezo hifadhidata hiyo) huiuliza kwanza programu yao ya pg_config, kwa chaguo la --pgxs, ilipo faili ya pgxs.mk, ndipo iijumuishe. Huo ni ufumbuzi mzuri, hasa kwenye mashine yenye matoleo mawili ya PostgreSQL, ila usingehitajika kama chombo chenyewe kingejua pa kutazama.

Kasoro inayokera zaidi ni kwamba jina lisilo na njia kamili hupimwa kuanzia folda ambamo make inaendeshwa, wala si folda iliyo na faili inayojumuisha. Tuseme kanuni/msingi.mk ina mstari wa include rangi.mk, na rangi.mk iko papo hapo kando yake. Ukiendesha make kutoka folda ya juu, utaambiwa rangi.mk haipo. Dawa yake ni include $(dir $(lastword $(MAKEFILE_LIST)))rangi.mk, mstari ambao sijaona mgeni akiuelewa kwa mara ya kwanza.

Kwa upande huu bmake, aina nyingine ya make iliyotokana na ile ya mfumo wa NetBSD na ambayo mfumo wa FreeBSD huitumia tangu toleo lake la 10, imefikiriwa vizuri zaidi. Jina likiwa ndani ya alama za nukuu, utafutaji huanzia pale ilipo faili inayojumuisha. Likiwa kati ya < na >, huenda moja kwa moja kwenye folda ya mfumo, ambayo huko ni /usr/share/mk. Hivyo programu ndogo kwenye FreeBSD hutosheka na PROG= salamu (jina la programu), na MAN= tupu ikiwa haina ukurasa wa maelezo, kisha .include <bsd.prog.mk>. Zaidi ya hapo, chaguo la -m .../mk huifanya ipande folda moja baada ya nyingine kuelekea juu hadi iikute mk, jambo linalofaa sana kwa mradi wenye matawi mengi.

Sishauri mtu aihame GNU Make kwa sababu hii peke yake, maana Makefile nyingi za Linux zimeandikwa kwa lahaja yake na bmake haitazisoma. Atakayebaki nayo aweke faili zake chini ya share, aihifadhi njia katika kigezo kimoja kinachoweza kubadilishwa wakati wa kuendesha, na asiweke chochote /usr/include.