Redio au sauti za kwenye kikundi?

Juzi, hapa Mkunguni, uwanja wa mji wetu wa Amu (Lamu), sauti ilizagaa kwenye vikundi vya simu: eti boti imezama njia ya Mokowe, gati ya upande wa bara. Mama mmoja alitupa kikapu chake cha samaki, akakimbilia gatini akilia. Boti zote zilikuwa salama.

Redio huchelewa, na Amu huitaja kwa nadra. Lakini msomaji wake ana jina, na akikosea kuna pa kumshika. Sauti ile haikuwa na mwenyewe. Tangu 2020 WhatsApp huzuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya gumzo moja kwa mpigo. Watu huutuma tena na tena, moja baada ya jingine.

Habari za roho za watu naingoja redio. Vikundi naviachia bei ya samaki na mialiko ya harusi.