Nilivyopakua data ya jenomu kutoka EGA nikiwa Ngara, Nairobi

Wanaoniuliza kama European Genome-phenome Archive, yaani EGA, ni ya bure kweli: ni ya bure. Kujisajili hulipi, kupakua hulipi. Utakacholipia ni intaneti yako, na subira.

Kwa asiyeijua, hili ni ghala la data ya jeni za binadamu lililoanza mwaka 2008, na sasa linaendeshwa kwa pamoja na EMBL-EBI, taasisi ya data za biolojia kule Hinxton, Uingereza, na CRG, kituo cha utafiti wa jenomu cha Barcelona. Data ya H3Africa, mradi wa utafiti wa jeni na afya barani Afrika, nayo imehifadhiwa humo. Mimi nilikwenda kutafuta jeni ya APOL1 kwa ajili ya tasnifu yangu ya ugonjwa wa figo. Jeni hiyo ina sura mbili zilizobadilika, G1 na G2, zinazoonekana kwa watu wenye asili ya Afrika. Zinasaidia kumkinga mtu na malale, ugonjwa wa kulala unaoletwa na mbung'o, lakini aliyezirithi kwa baba na kwa mama pia, figo zake zimo hatarini zaidi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba EGA hawatoi ruhusa. Wao ni watunza stoo tu; ufunguo anao mwenye mzigo. Kila seti ya data ina kamati yake, na hiyo ndiyo unayoiandikia. Kamati yangu (si ya H3Africa, na siitaji) iliikalia barua yangu wiki tisa, kisha ikaniomba kibali cha maadili nilichokuwa nimekiambatisha tangu mwanzo. Nikakituma tena. Wiki tatu nyingine. Nikalalamika kwa msimamizi wangu: damu imetoka Afrika, mimi niko Afrika, mbona napiga hodi Ulaya? Akanitazama juu ya miwani. "Na kama ungekuwa wewe uliyetoa damu, ungetaka mlango uachwe wazi?" Nikanyamaza. Hata Sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu data ya jeni kuwa taarifa nyeti. Hoja nimeikubali, zile wiki kumi na mbili bado sijazisamehe.

Ruhusa ilipofika, ujinga ukawa wangu. Programu yao ya kupakulia inaitwa pyEGA3, nayo huendeshwa kwa kuandika amri. Nikaagiza faili zima la mtu mmoja, karibu gigabaiti 90, kwa intaneti ambayo wapangaji wote wa ploti yetu tunagawana na Jumamosi kila mtu anatazama mpira. Usiku wa kwanza lilifika asilimia 14, stima ikapotea. Uzuri ni kwamba programu haikuanza upya. Iliendelea pale ilipokatikia. Siku ya nne diski ikajaa.

Mwenzangu wa maabara alichungulia skrini, akacheka. "Unataka jeni moja, mbona unabeba mtu mzima?"

Kumbe unaweza kutaja kromosomu, mahali pa kuanzia na pa kuishia, ukaletewa kipande hicho tu. APOL1 iko kromosomu ya 22. Kipande changu kilishuka kabla chai haijapoa. Ila angalia kwanza faili lilipangwa kwa jenomu rejea ipi, yaani toleo gani la ramani ya kawaida ya DNA ya binadamu: kutoka toleo la GRCh37 hadi la GRCh38 namba za mahali pa APOL1 zimesogea karibu herufi 400,000 za DNA, kwa hiyo ukikosea hapo utaokota jeni nyingine kabisa na utaandika sura nzima ya tasnifu juu yake.

Jambo jingine: pyEGA3 ikishakuletea faili, halina kufuli tena. Ulinzi wote unabaki kwako. Mimi silitii kwenye flashi nikapanda nayo matatu. Linakaa kwenye kompyuta ya maabara, na laptopu yangu nimeifuta.

Ghala, nyota tano. Kamati, mbili. Juzi nimeomba seti ya pili, na safari hii kibali cha maadili nimekiambatisha mara mbili.