Whitney naipenda, lakini hasira bado ninayo

Nilikuwa napanga kijitabu cha majina ya wanachama: safu nyembamba, majina marefu, na chini ya kila jina wadhifa wa mtu kwa herufi ndogo. Kazi ya aina hii ndiyo inayoiumbua fonti, yaani mtindo wa herufi. Nyingi ukizipunguza kidogo tu, tundu la e linaziba na c inaanza kufanana na o. Fonti niliyotumia, Whitney, ilitulia. Hata jina refu kuliko yote liliingia kwenye mstari mmoja bila kubanwa, nami nikafurahi kupita kiasi.

Si bahati. Tobias Frere-Jones aliichora kwa ajili ya jumba la sanaa la Whitney Museum, New York, lililotaka herufi za kukaa kwenye kurasa finyu na papo hapo kwenye vibao vya kusomwa kwa mbali. Mahitaji hayo yanavutana. Kutoka kwa Wamarekani akachukua ule ubanaji wa fonti ya News Gothic, kazi ya Morris Fuller Benton ya 1908. Kutoka kwa Wazungu wa Ulaya akachukua midomo iliyo wazi ya herufi kama c na e za Frutiger, fonti iliyotokana na vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Ufaransa. Nimeikodolea macho sana, mshono siuoni.

Sasa duka la uchapishaji. Niliwapelekea PDF, fonti zikiwa ndani yake. Wakaikataa, wakataka faili la kazi lenyewe. Nikawaambia wazi: kompyuta yenu haina Whitney, msiguse maandishi. Kijana wa kaunta akaitikia, "Sawa, bosi." Nilipokwenda kuchukua mzigo, kila ukurasa ulikuwa Arial, ile fonti ya kawaida ya kompyuta! Kompyuta iliwaonya kwamba fonti haipo, mtu akabofya kukubali, basi. Arial ni pana zaidi, kwa hiyo majina yalimwagika nje ya safu. Jina la mzee mmoja, mwanzilishi wa chama, lilikatika katikati na nusu yake ikapotea kabisa.

Nikauliza nani ameidhinisha. Kijana yule akanijibu bila hata kuinua macho: "Bosi, herufi ni herufi, mradi zinasomeka." Hazisomeki! Mzee wa watu amepoteza nusu ya jina lake, na mtu ananiambia zinasomeka. Nikaomba kuonana na mkuu wake, nikaambiwa ana shughuli. Walikubali kurudia kazi kwa malipo mapya, kana kwamba ni mimi niliyebofya.

Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba Whitney simshauri mtu. Fonti ya kununua, ambayo haimo kwenye kompyuta ya kila mchapaji, ina faida gani ikiwa mtu mmoja mzembe anaweza kuifuta kwa kidole? Hata jumba lenyewe liliiacha, mwaka 2013 likahamia kwenye fonti nyingine, Neue Haas Grotesk. Tena I kubwa na l ndogo zake ni vijiti viwili vinavyofanana, kwa hiyo usiiandikie nywila wala namba za siri zenye herufi.

Lakini hayo ya kuapa niliyasema kwa uchungu. Kazi ilichapwa upya mahali pengine, kwa PDF ileile waliyoikataa wale wa kwanza, na majina yamekaa yote, la mzee likiwemo. Wadhifa unasomeka bila kusogeza karatasi puani. Kwa orodha, ratiba, majedwali na maelezo ya chini ya picha, sijatumia inayoishinda. Basi nafuta kiapo changu, nainunua tena nikihitaji uzito mwingine, yaani unene tofauti wa herufi zake. Duka lile silipatii hata nyota moja, na kabla ya kulipa popote nitadai kwanza ukurasa mmoja uliochapwa, niukague mimi mwenyewe.