Umeme wa Raspberry Pi ya muziki: ununue kipi kwanza ukiwa Mwanza

Kabla hujatoa hata shilingi moja, azima pawabenki kwa jirani. Zima Raspberry Pi yako ya muziki (ile kompyuta ndogo ya bodi moja), ichomoe ukutani, iwashe kwa hiyo pawabenki huku amplifaya ikibaki palepale. Simamisha wimbo, kisha weka sikio karibu na spika. Mngurumo ukipotea, ujue ulikuwa unapenya kwa njia ya adapta yako kutoka umeme wa ukutani. Ukibaki vilevile, umo kwenye amplifaya, kwenye waya za RCA (zile zinazopeleka sauti kwenye amplifaya), au kwenye kitu kingine kilichochomekwa humo, na hakuna adapta itakayokuponya. Kama unachosikia ni kasauti kembamba kanakobadilika kila unapotafuta wimbo kwenye simu, hiyo ni Pi yenyewe inachafua umeme wake.

Mimi jaribio hilo sikulifanya. Nilikuwa nimeshaaminishwa kwamba umeme wa transfoma ndio baba lao, nikashuka mtaa wa Makoroboi kutafuta. "Kaka, hii imetoka kwenye sabufa ya zamani, shaba tupu," fundi akaniambia, na kweli ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nikalipa. Nikaongeza daraja la dayodi, kapasita kubwa, regyuleta ya 7805 (kipande kinachoshusha volti na kuzituliza kwenye 5) na boksi la bati. Wiki mbili baadaye mngurumo ulikuwepo kama kawaida, tena sasa Pi ilikuwa inajizima kila baada ya nyimbo tatu. Mwisho wake nikaja kugundua kuwa mngurumo ulikuwa unaingia kupitia waya wa antena wa kisimbuzi cha televisheni, kilichochomekwa kwenye amplifaya ileile. Nilipouchomoa, kimya. Kwa hiyo orodha hii ya vyanzo vya umeme, kuanzia cha kununua kwanza, imepangwa na mtu aliyeanza mwisho akaja mwanzo.

DAC yako inataka nini hasa

DAC ni kifaa kinachogeuza data ya muziki kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya. Bodi nyingi za DAC zinazokaa juu ya Pi huchukua volti 5 kutoka pini namba 2 na 4, na data ya muziki kutoka pini 12, 35 na 40. Chipu kama PCM5102A haitumii hizo volti 5 moja kwa moja. Inafanya kazi kwa volti 3.3, na bodi huwa na regyuleta yake ndogo ya kuzishusha. Hiyo regyuleta ndiyo inayoharibu hoja nyingi za wauzaji wa adapta ghali, maana kelele ya chini, kwa mfano ile ya hezi 100 inayobaki umeme wetu wa hezi 50 ukigeuzwa kuwa wa betri, inaimeza vizuri sana. Inachoshindwa ni kelele ya juu, ya mamia ya kilohezi, inayotoka kwenye adapta za kisasa. Hiyo huipita kirahisi.

Lakini kuna tatizo linalotangulia yote hayo, na ndilo ninalolikuta karibu kila nikiitwa na rafiki kuangalia mtambo wake: volti zinaanguka. Pi hulalamika umeme ukishuka hadi karibu volti 4.63. Ukiwa na skrini utaona alama ya radi pembeni. Wengi wetu hatuna skrini, tunaiendesha kwa simu, hivyo radi inapiga miezi sita bila mtu kuiona. Ingia kwenye dirisha la amri la Pi, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, uko salama. Likiwa 0x50000, volti zilishaanguka wakati fulani tangu uiwashe na Pi ikapunguzwa kasi. Likiwa 0x50005, zimeanguka hata sasa hivi unaposoma.

Nafasi ya kwanza: adapta ya Raspberry Pi yenyewe

Najua haina mvuto. Ni boksi dogo la plastiki, halina taa ya buluu, halina uzito wa kumwonyesha shemeji. Lakini ndiyo ninayomwambia kila mtu aanze nayo, na watu wengi hawatahitaji kuendelea zaidi ya hapo. Ya Pi 4 inatoa volti 5.1 na ampea 3. Ya Pi 5 inatoa volti 5.1 na ampea 5. Kwa Pi 3 na Zero 2 W tafuta ile ya ampea 2.5 yenye kichwa cha micro-USB. Bei ya kwao ni dola 8 kwa ya Pi 4 na dola 12 kwa ya Pi 5. Ikifika huku utaongeza nauli na faida ya muuzaji, ila bado ni rahisi kuliko transfoma yangu. Agiza yenye kichwa cha Uingereza, kile cha pini tatu bapa, vinginevyo utaongeza kiungio cha kubabaisha katikati na kurudi kulekule.

Tazama hizo volti 5.1. Ile 0.1 ya ziada imewekwa makusudi kwa ajili ya waya. Waya wa adapta ya Pi 4 ni wa AWG 18 (kipimo cha unene wa waya, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba), mnene, urefu mita 1.5. Umeme ukienda na kurudi unapita mita 3, ukinzani wake ni karibu omu 0.06, kwa hiyo ampea moja inapoteza volti 0.06 tu. Sasa chukua waya wa simu wa mita moja wenye nyuzi za AWG 28. Kwenda na kurudi ni omu 0.43. Chaja ikitoa volti 5 kamili na Pi ikavuta ampea moja, kinachofika ni volti 4.57. Umeshaanguka chini ya mstari kabla wimbo haujaanza. Chaja haina kosa lolote hapo, mwenye kosa ni waya.

Ukishaipata na bado kasauti kembamba kanasikika, bana kile kidude cheusi cha feraiti kwenye waya karibu na Pi, ukiweza uuzungushe mara mbili tatu ndani yake. Bei yake ni ndogo, na kinasaidia kuliko nilivyotarajia.

Nafasi ya pili: betri ya volti 12 na kishusha volti

Hii ndiyo ninayotumia mimi, na kama si usumbufu wa kuijenga ningeipa nafasi ya kwanza. Sisi wa ziwani tumezungukwa na betri za volti 12. Taa za kuvulia dagaa zilizochukua nafasi ya karabai zinawaka kwa betri, na mji umejaa maduka ya sola. Mafundi wa kuzijua betri tunao.

Faida yake kubwa ni kwamba betri haina uhusiano na ukuta. Adapta ya kawaida ina kapasita ndogo inayounganisha upande wa volti 230 na upande wa volti 5, ndiyo maana wakati mwingine ukigusa boksi la chuma la amplifaya kwa mgongo wa kidole unahisi linakutekenya. Mkondo huo mdogo hutafuta njia ya kurudi, na njia yake ni waya zako za RCA. Ukiwa na betri, njia hiyo imekatwa. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, Pi haijui, na kadi yake ya kumbukumbu haiharibiki.

Hesabu ya muda ni rahisi. Pi 4 inayopiga muziki tu pamoja na DAC yake hula wati 3 hadi 4. Weka wati 5, pamoja na kinachopotea kwenye kishusha volti. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini ukiipenda usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 42, saa nane hivi. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, yenye volti 12.8 na ampea-saa 6, ina karibu wati-saa 77, na hii unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiumiza. Hiyo ni saa kumi na mbili. Ukiwa na hela, nunua hii ya pili pamoja na chaja yake maalumu. Usiichaji kwa chaja ya zamani ya betri za gari.

Kishusha volti cha kawaida mitaani ni ile bodi ndogo ya LM2596. Kimeandikwa ampea 3, ila bila bati la kupoozea mimi sikipi zaidi ya 2. Cha XL4015 kimeandikwa ampea 5 na kinapumua vizuri zaidi, chukua hicho. Vyote vina skurubu ndogo ya kupanga volti. Ipange kwa mita hadi 5.1 kabla hujaunganisha Pi, halafu itie tone la rangi ya kucha isije ikazunguka. Ukisahau, hata volti 12 zinaweza kuingia kwenye Pi, na hapo utakuwa umenunua kipambo cha ukutani.

Kelele ya kishusha volti hiki iko kilohezi 150 hadi 180. Hiyo ndiyo ile ya juu inayoipita regyuleta ya DAC, kwa hiyo usiiache. Weka koili ya mikrohenri 22 yenye waya mnene, na baada yake kapasita ya mikrofaradi 1000 ya ukinzani mdogo, kati ya kishusha volti na Pi. Vitu viwili tu. Kisha fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na betri. Fyuzi usiiruke hata kwa dakika moja ya kujaribu, maana betri ikigusana nyaya haikuulizi.

Jambo ambalo watu husahau: ukisikiliza huku chaja ya betri imechomekwa, umerudi ukutani. Chaji mchana, sikiliza usiku.

Nafasi ya tatu: umeme wa transfoma

Una sauti nzuri, sibishi. Unastahili ukiwa na DAC yenye sehemu ya kuingiza umeme wake peke yake, mbali na wa Pi. Hapo Pi unaiachia adapta yake, na DAC unaipa bodi ndogo ya regyuleta ya LT3045, yenye kelele ya chini kabisa, mikrovolti 0.8. Inatoa nusu ampea tu, lakini chipu ya DAC inaishi kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kwa bodi zenye saa zake mbili za kioo (vipande vinavyoipa DAC mapigo ya kufuata), moja ya nyimbo za familia ya kilohezi 44.1 na nyingine ya 48, huo ndio uboreshaji wenye maana, kwa sababu saa hizo hazipendi umeme unaotetemeka.

Kuendesha Pi nzima kwa transfoma ni habari nyingine. Yangu ya sabufa ilikuwa ya volti 12. Baada ya dayodi na kapasita inafika kama 15.5. Toa 5, zinabaki 10.5 za kugeuzwa joto. Kwa ampea 0.8 hizo ni wati 8.4, kwenye kijibati cha ukubwa wa kiberiti, katika chumba cha Mabatini mwezi wa Oktoba. 7805 ikichemka mno inajizima yenyewe, ikipoa inawaka. Ndiyo zile nyimbo tatu zangu. Ukitaka kujenga, tafuta transfoma ya volti 9, regyuleta ya daraja la LT1084, bati kubwa la kupoozea, na uvumilivu.

Nafasi ya nne: pawabenki

Kwa jaribio la mwanzo ni nzuri. Kwa kudumu, hapana. Ndani mna seli ya volti 3.7 inayopandishwa hadi 5, na kipandisha volti hicho kina kelele zake. Tena nyingi hukatika sekunde moja unapochomeka au kuchomoa chaja, na sekunde hiyo inatosha kuizima Pi.

Nafasi ya mwisho: chaja ya simu

Hata ile kubwa ya wati 65. Watu hudhani wati nyingi zitaitosha Pi 5, kumbe chaja hizo hupata wati zake kwenye volti 9, 15 na 20; kwenye volti 5 nyingi huishia ampea 3. Pi 5 itawaka, lakini itazibana USB zake zote kwa jumla ya ampea 0.6, na kama diski ya nyimbo au DAC yako iko huko, utasikia.

Neno kuhusu kile kifaa cha kulinda friji: nunua, kitakukinga umeme ukirudi kwa kishindo. Hakisafishi sauti, na radi ya ziwani ikianza usiku chomoa kila kitu, antena ikiwemo.

Ukienda dukani beba Pi yako na mita. Iwashe, piga wimbo, pima volti kati ya pini 2 na pini 6, ambayo ni hasi. Ikisoma 5.0 au zaidi kidogo, lipa. Ikiwa chini ya 4.8, mwambie muuzaji abadilishe waya kwanza kabla hamjaanza kulumbana kuhusu adapta.