Miezi sita na hyumidifaya (mashine ya kuongeza unyevu hewani) hapa Njiro, Arusha: mashine ni nzuri, shida ni maji

Kalathea yangu ya kwanza, mmea wa kupamba ndani ya nyumba, ilikufa mwezi wa nane. Niliimwagilia, nikaipulizia maji asubuhi na jioni, nikaikinga na jua la dirishani. Bado majani yalijiviringa na ncha zikaungua. Aliyewahi kukaa Arusha kipindi kile anajua: upepo, vumbi, midomo inapasuka. Nikanunua kipima unyevu cha mezani, shilingi 15,000, na saa nane mchana kikanionyesha asilimia 34 sebuleni. Mmea uliotoka misitu ya mvua ya Amerika ya Kusini unataka walau 50.

Kipimo hicho ndicho kilichonifungua macho. Nikipulizia maji, namba inapanda, na kabla sijamaliza kufagia imesharudi ilikokuwa. Sinia la kokoto na maji chini ya vyungu lilileta ongezeko la namba mbili au tatu tu. Ndipo nikatoa 90,000 kununua hyumidifaya ya lita nne. Haichemshi maji. Ndani ina kisahani kinachotetemeka kwa kasi kubwa na kuyavunja maji yawe ukungu.

Sebuleni haikufua dafu, maana madirisha yetu ni ya nyavu na upepo unapita muda wote. Nikahamishia mimea chumba kidogo cha wageni, nikafunga mlango, na ndani ya saa mbili kipimo kikasoma 57. Wiki ya tatu kalathea mpya ilifungua jani zima bila kuchanika. Majani yakaanza tena kusimama jioni na kulala asubuhi, tabia ambayo ile ya kwanza ilikuwa imeiacha kabisa. Nilifurahi mno.

Ila ncha ziliendelea kuungua. Na meza, kabati, hata majani yenyewe, vyote vilipakwa unga mweupe.

Nilidhani mashine ni mbovu. Kilichonishtua ni masale. Mama alinipa kipande kutoka Marangu, nikakipanda kwenye chungu. Masale hayabembelezwi: kwetu yanasimama mpakani mwa shamba, jua na upepo ni vyao, na hakuna anayeyapulizia maji. Haya yangu nayo yalikuwa na ncha za kahawia. Basi hewa kavu haikuwa mkosaji peke yake. Nikamweleza mzee jirani, aliyefanya kazi ya visima miaka mingi. Akaniuliza, "Mwanangu, meno ya watu wa huku huyaoni?"

Floraidi, madini yanayoyatia meno rangi ya kahawia! Maji mengi ya upande huu wa Mlima Meru yanayo kwa wingi, na sehemu nyingine yanapita mbali kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mmea unayanyonya, maji yanatoka majanini kama mvuke, floraidi inabaki na kurundikana nchani. Kalathea na jamii ya masale ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi. Na mimi nilikuwa nikiyachemsha nikiamini nayasafisha! Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ule unga nao ni madini ya maji yaleyale, mashine inayarusha hewani pamoja na ukungu.

Nikaanza kununua maji ya kunywa ya dumu la lita 20, unga ukapungua, lakini mfuko ulilia. Mvua za vuli zilipofika nikafunga mfereji kwenye paa na tanki la lita 500. Mvua ya kwanza niliiacha ioshe paa, iliyofuata nikakinga. Tangu hapo mashine na vyungu vinapata maji ya mvua tu, na unga umekwisha.

Kuhusu mashine yenyewe: haijizimi unyevu ukitosha. Usiku mmoja niliiacha, nikaamkia 78 na kuvu nyeupe juu ya udongo wa vyungu. Sasa naiwasha mchana tu. Tanki lake linaota utelezi, hivyo kila Jumamosi naliosha kwa siki. Taa yake ya buluu ni kali, nimeibandika plasta. Na kama una lile ua dogo la zambarau la Usambara, liweke mbali na mdomo wa mashine, majani yake yenye manyoya yanapata madoa yakilowa.

Ningeinunua tena, lakini ningeanza na tanki la mvua.

Ncha zilizoungua hazirudi kijani, nimezikata kwa mkasi. Jani jipya la masale limetoka mwezi huu, kijani mpaka mwisho. Nilimtumia Mama picha. Akajibu, "Sasa limefanana na ya huku."